Lebo Mia Mbili

2 Machi

Kaka,

Ukiona mwandiko umelala upande, usishtuke. Naandika juu ya goti, kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari.

Mama alianguka jana. Alikuwa kwenye cherehani anamalizia sare za darasa la sita, akainuka kufuata mkasi, akaenda chini kama gunia. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyesikia kishindo. Mimi nilikuwa darasani nawafokea watoto wa watu kwa sababu hawajui kujumlisha sehemu, na mama yangu yuko sakafuni na pini mdomoni.

Hajavunjika. Ila daktari amempima presha mara mbili, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipandisha. Akauliza anatumia dawa gani. Nikatoa ile chupa ya kahawia unayotuletea. Akasoma lebo: "Dawa ya Presha. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni." Akauliza jina lake hasa, nikamwambia kaka yangu ndiye huinunua huko mjini, mimi najua kilichoandikwa tu. Akamimina vidonge kiganjani, vyeupe, vya duara, akavirudisha. "Kipimo hiki ni kidogo kwa presha hii. Mpe viwili asubuhi, viwili jioni." Akaongeza na dawa ya kutoa maji mwilini, akaita mwingine. Foleni ilikuwa imefika getini, wala simlaumu.

Mama amenuna tangu hapo. Hataki kuongezewa. Namuuliza kwa nini, anatazama ukuta. "Mwandikie kaka yako kwanza." Haya, nimekuandikia. Tangu lini mpiga chapa akawa daktari? Wewe tuma chupa nyingine tu, maana hii sasa itaisha upesi.

Na shughuli za uchumba wa binti yako zikipoa, umtafutie Mama daktari mwingine wa macho. Mara mbili kila mwaka anapanda basi kuja kwenu kupimwa, na hajawahi kurudi na miwani. Huyo daktari wenu ni kipofu?

Benchi hili linatazamana na ile wodi ya nyuma yenye nondo. Kuna mtu anaimba humo tangu asubuhi, wimbo uleule. Kila anayepita anaongeza mwendo, na mimi pia niliongeza. Afadhali presha, Kaka. Hapo Mungu ametuonea huruma.

Mdogo wako,
Wembe (jina ulilonipa mwenyewe, livumilie)


7 Machi
(haikutumwa)

Wembe, mdogo wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, mwachishe Mama vile vidonge. Leo. Kisha kaa chini.

Si vya presha. Havijawahi kuwa vya presha hata siku moja.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuambia Mama amekwenda kumuuguza Bibi. Bibi alikuwa mzima kuliko mimi. Mama alikuwa kwenye wodi hiyohiyo unayoitazama kutoka benchini, nyuma ya nondo hizohizo, wiki kumi na moja. Alikuwa hajalala siku tisa. Alishona nguo za nusu ya mtaa bila kuombwa na mtu, halafu akaanza kuzichana moja moja akisema kila kola ina sikio linalomsikiliza. Mimi na Baba tulimpeleka kwa mkokoteni, tumemfunika turubai, ili watu wadhani ni mzigo wa karatasi.

Dawa iliyomrudisha ni chumvi. Chumvi ya madini tu, si ya jikoni, iliyotengenezwa kidonge. Ina tabia moja: kidogo inatibu, ikizidi ni sumu. Hizo ndizo safari za macho. Anakuja huku kwetu mjini, kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili iliyo ndani ya hospitali kuu, wanamtoa damu, wanaangalia isije ikazidi.

Siku aliporuhusiwa, Baba aliingia kwenye kiwanda chake cha chapa Jumapili, mashine zimelala, akapanga herufi za risasi moja moja, akachapa lebo mia mbili. Nilimwuliza kwa nini presha. Akasema, "Presha ina heshima. Umewahi kuona mtu anamcheka mwenye presha?" Mama alisimama pale mlangoni akaapishwa kwamba hatalitaja jina la ugonjwa wake mbele yako. Akaapa. Ulikuwa umelala mgongoni kwake.

Baba alipokufa nilirithi mashine, safari, na siri. Lebo zilipoisha nilichapa nyingine. Nilizichapa vizuri, Wembe. Nilijivunia kingo zake. Daktari wako ameziamini kwa sababu ni kazi safi.

Nilitaka kuituma barua hii leo, lakini Jumamosi wakwe wanakuja. Mama wa kijana ameshaniuliza, kwa sauti ya mtu anayechagua kitambaa: "Kwenu kuna maradhi gani ya ukoo?" Nikajibu: presha. Nawe hujui kunyamaza. Ukijua leo utapambana na daktari kesho, keshokutwa mtaa mzima una habari, na binti yangu anabaki mjukuu wa kichaa.

Nitakuandikia nyingine, fupi, kwamba msiongeze. Utanisikia. Hii itangoja hadi Jumatatu.


7 Machi

Mdogo wangu,

Nimeipata yako. Msimwongezee Mama dawa. Mpe kama zamani, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hiyo ya kutoa maji mwachishe kabisa. Nina sababu zangu, nitakueleza tukionana. Usimtajie mtu.

Wakwe wanakuja Jumamosi. Binti anakusalimu, anasema shangazi lazima ahutubie siku ya harusi, ila hotuba ikaguliwe kwanza.

Mwambie Mama nimemkumbuka.

Kaka yako


12 Machi

Kaka,

"Nina sababu zangu." Basi hizo sababu zako zingelazwa wodini, Mama arudi nyumbani. Barua yako ilifika jana; daktari ameshaandika viwili viwili, nami sikuwa na sababu ya kumpa. Tangu juzi Mama yuko kitanda namba kumi na nne.

Nikupe habari kwa mpangilio, kama unavyopanga herufi. Siku ya tatu ya vidonge viwili viwili mikono ilianza kumtetemeka. Si mtetemo wa uzee, Kaka, mikono ilikuwa inaruka. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano kuanzia saa mbili hadi saa nne, mwisho akaiweka sindano chini taratibu, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyefukuzwa kazi. Miaka hamsini anashona. Siku ya tano akaanza kutapika na kuharisha. Ya sita anatembea kwa kushika ukuta. Ya saba maneno yakaanza kugongana mdomoni: anaomba kikombe, anasema kitufe. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Jirani wa mlango wa pili akaja na uso wa huruma, ule wa kuazima. "Mwalimu, mama yako ameanza kuchanganyikiwa. Umpeleke kule nyuma mapema, kabla hajaanza kurusha mawe." Nilimjibu kwa sauti iliyofika barabarani. Nilimwambia mama yangu si kichaa, hajawahi kuwa kichaa, wala kwetu hakuna kichaa, na kama anatafuta vichaa aanze na mumewe anayebishana na redio. Watu walicheka. Nilishinda. Sijui nilishinda nini.

Kwa daktari nilisema anatapika na anaharisha. Habari ya maneno sikuitaja. Ya kutetemeka nilisema ni udhaifu tu, hajala. Hapa ukitamka neno moja linalohusu kichwa, wanamvusha ua na kumfungia kwenye nondo, na sijawaona wanaorudi. Kwa hiyo anapopiga soga na dada yake marehemu, mimi naongea kwa sauti juu yake, ili manesi wadhani ni mimi.

Sasa sikiliza la leo asubuhi. Sista alikuja na sinia ya dawa. Mama akaziba mdomo. Sista akambembeleza: "Bibi, ni dawa yako ya presha, umekuja nayo mwenyewe." Mama akafumbua macho, akasema, na hii ni sentensi ya kwanza iliyonyooka kwa siku nne:

"Hiyo si ya presha. Hiyo ni ya akili. Mimi ni mgonjwa wa akili miaka thelathini, muulizeni mwanangu."

Wodi nzima ikageuka, Kaka. Hata yule wa kitanda cha tisa aliyekuwa akikohoa alikatisha kikohozi.

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kile kicheko changu cha kwenye mikutano ya wazazi. Nikasema, "Msamehe, sista, ni homa inaongea. Mama yangu hajawahi kuugua hata kipandauso." Kisha nikambana mashavu kama anavyobanwa mtoto, sista akaingiza vidonge, viwili, na maji. Akameza. Alinitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kuambiwa hapa hatumjui.

Niambie wewe mwenye sababu: maneno yale ameyatoa wapi?

Wembe


TELEGRAMU
16 Machi

DAWA SI YA PRESHA. NI YA AKILI. IKIZIDI NI SUMU. MAMA AMESEMA KWELI. MWONYESHE DAKTARI SASA HIVI. NAKUJA. KAKA


25 Machi

Kaka,

Umekaa kwetu siku nne kichwa umekiinamisha kama mtu anayetafuta pini sakafuni. Watu walisema, tazama mtoto wa kiume alivyoumia. Kisha ukaondoka na basi la alfajiri bila kuniaga, ukaniachia bahasha juu ya cherehani. Nimeisoma. Nimeirudia. Halafu nikaitazama tarehe.

Tarehe saba.

Barua kutoka kwako huchukua siku nne. Ile fupi iliingia mkononi mwangu tarehe kumi na moja. Hii nayo ingeingia tarehe kumi na moja, bahasha moja, stempu moja. Mama alisema maneno yale tarehe kumi na mbili. Ningekuwa nimeshajua, Kaka. Ningekuwa nimesimama kando ya kitanda namba kumi na nne nikisema, "Ndiyo, sista, anachosema ni kweli." Usiku mmoja tu ungetosha kunifanya mtoto wake badala ya askari wake.

Hukuuliza ilikuwaje, nami sikukusimulia mbele ya watu. Sikiliza sasa. Telegramu yako ilinikuta shuleni saa tano. Nilikimbia na chaki mkononi. Daktari aliisoma mara mbili, akaketi. Akasimamisha dawa zote, akatundika dripu, akatuma watu kutafuta gari la kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari likaahidiwa kesho yake. Wakati tunangoja akaniuliza kama Mama aliwahi kutetemeka, kama maneno yalimpotea. Nikasema ndiyo. "Kwa nini hukuniambia? Hizo ndizo zingenifumbua macho." Nilitaka kumzaba kofi, yeye aliyesoma karatasi badala ya kidonge. Mkono ukakataa kuinuka. Ni mkono uleule uliombana Mama mashavu.

Gari la kesho yake halikuja. Figo zilikuwa zimekwisha. Tarehe 18, saa nne asubuhi, Mama akakata roho; watoto wangu wa darasa walikuwa mapumziko, nikawasikia wanapiga kelele ng'ambo ya barabara.

Baba alisema presha ina heshima. Nimeitafakari heshima hiyo wiki nzima. Mtu akiugua moyo analetewa matunda. Akiugua figo tunamwombea kwa jina, hadharani. Akiugua akili anafunikwa turubai kwenye mkokoteni. Ni mwili uleule, damu ileile, kidonge cheupe kilekile. Nani aliyeamua kwamba kuanzia shingoni kwenda juu mtu haugui, anaaibisha? Mama aliubeba ugonjwa ule miaka thelathini na kila asubuhi akaketi kwenye cherehani. Alishona sare za mji huu, na ninyi wanaume wawili mkaona cha kuficha ni yeye! Askari akipigana na adui mmoja miaka thelathini anapewa nishani. Mama yetu alipewa lebo.

Na bado hamjatosheka. Chini ya bahasha nimekuta sampuli ya tanzia uliyoipanga: "Amefariki baada ya kuugua presha kwa muda mrefu." Kaka! Hata kaburini umembandika lebo!

Ipange upya, au usiniite tena mdogo wako.

Wembe


31 Machi

Mdogo wangu (nitakuita hivyo mpaka unikataze mara ya pili),

Sina utetezi. Nina maelezo, na nimejifunza kwamba hivyo ni vitu viwili.

Unamkumbuka Baba kama mtu mwoga. Hukuwepo kwenye mkokoteni. Tulipokuwa tunapita sokoni, turubai likafunuka upande, mtu mmoja akaona mguu, akapiga mluzi. Kufika getini tulikuwa na kundi nyuma yetu, watu wazima, wanatutupia maganda. Baba alimfunika mguu kwa kofia yake. Zile lebo zilizaliwa siku hiyo. Alidhani anajenga ukuta. Sikuwahi kumwuliza ukuta ule ulimwacha Mama upande gani.

Kosa la Baba ni hofu. Langu ni tarehe saba. Niliikunja barua nikaitia kwenye droo ya herufi kubwa, nikasema Jumatatu. Jumatatu nikasema Mama amepona, kwa kuwa hujaandika. Siku nzima nilichapa kadi za mialiko.

Nimewaambia wakwe. Niliwaita mwenyewe. Mama wa kijana aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kana kwamba ndicho kinachoambukiza, akasema watakwenda kushauriana. Hawajarudi. Kijana amekuja mara moja peke yake, akasimama uani, akaondoka. Binti alikuwa nyuma ya mlango siku hiyo nilipokuwa nawaeleza. Nilidhani atanilaani. Alichouliza ni kimoja: "Kwa hiyo Bibi hakuwa anapimwa macho?" Nikasema hakuwa. Akasema, "Nilikuwa namsindikiza hadi geti la hospitali. Angeniambia, ningeingia naye." Akaingia chumbani, na tangu hapo ananiamkia tu.

Nilipokaa kuipanga upya tanzia, mkono ulikwenda wenyewe kwenye P ya presha. Miaka mingi umezoea njia hiyo. Niliurudisha. Nimechapa kumi, zipo humu. Zisome kabla hujazibandika:

TANZIA

Mama yetu, fundi cherehani, amefariki tarehe 18 Machi akiwa na miaka sitini na saba. Miaka thelathini aliishi na ugonjwa wa akili, akafanya kazi, akatulea. Ugonjwa huo haukumwua. Tulificha jina la dawa yake, naye akapewa kupita kiasi.

Wanawe wawili

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Nimezibandika. Posta, shuleni, kwenye geti la hospitali, na moja kwenye mlango wetu, juu ya kibao chake cha "Tunashona Sare."

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. "Mwalimu, mambo ya nyumbani tunayamaliza nyumbani." Nikamwambia ndivyo tulivyofanya, tukayamaliza pamoja na Mama. Ameniomba niibandue ya shuleni. Sijaibandua. Wazazi wawili wamewahamisha watoto wao kutoka darasani kwangu.

Jirani wa mlango wa pili alikuja, akaisoma ya mlangoni kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimeshanoa maneno. Alirudi kwake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifunga mlango polepole.

Ya posta mtu ameikwangua kwa msumari. Hakuichana yote. Amelikwangua neno "akili" tu, kwa uangalifu, mpaka ukuta ukaonekana. Yaliyobaki yanasomeka vizuri: "Miaka thelathini aliishi na ugonjwa wa." Nikamwona Baba, na wewe, na mimi, wote tumeshika ule msumari.

Nimepita pia mbele ya wodi ya nyuma. Yule mtu bado anaimba. Sikuongeza mwendo, lakini usinisifu. Miguu ilitaka.

Sasa kazi. Tanzia yako ni safi, kama kawaida yako, na ina uongo mmoja. Umeandika kwamba tulificha jina la dawa yake. Wewe ndiye uliyelificha. Mimi sikulijua. Mimi nililisikia, wodi nzima ikashuhudia, nami nikalizima. Usinisitiri kwa kuniweka ndani ya "tulificha" kana kwamba nilikuwa mtoto mgongoni. Ongeza mstari huu chini ya ule wa mwisho, kwa herufi za ukubwa uleule, wala usiulainishe:

"Alisema mwenyewe, na binti yake akacheka."

Baba alichapa mia mbili. Chapa mia mbili.

Wembe